Moja Hadi Tisa

Nilifundisha hisabati mjini Migori kwa muda wote wa utumishi wangu, na nilipostaafu nikarudi kwenye ardhi ya baba yangu, juu ya kilima kinachotazama Sindo. Mke wangu hakuwahi kuishi katika nyumba hii. Alifariki kabla haijaezekwa. Watoto wako mbali na hupiga simu siku ambazo wanakumbuka. Majirani walinipokea kwa heshima, lakini ilikuwa heshima ya kumpa mgeni kiti kizuri na kisha kuzungumza wenyewe kwa wenyewe. Walisema hata Kijaluo changu kilikuwa kimeshika lafudhi ya mpakani, na kwamba nasalimia kama mtu wa ofisini. Huenda ni kweli. Sijapata namna ya kujisikia mwenyewe ninavyosalimia.

Maji yetu hutoka ziwani. Pampu inayotumia nguvu za jua huyapandisha hadi kwenye tangi kubwa lililojengwa katikati ya mteremko, na kutoka hapo mabomba hutawanyika katika laini tisa, kila laini na koki yake. Laini nyingi hulisha maboma kadhaa. Ya tisa, ambayo hupita mawe na vichaka hadi kileleni, hulisha boma moja tu, nalo ni langu. Zamani alikuwapo mhudumu aliyefungua koki kila asubuhi, moja baada ya nyingine, kila moja kwa muda wake. Kisha mhudumu huyo akaenda Nyatike kuchimba dhahabu, na kamati ya maji ikaamua kwamba mwanadamu si wa kutegemewa. Zikanunuliwa koki za umeme pamoja na kompyuta ndogo, isiyozidi ukubwa wa kibiriti, ya kuziongoza.

Tangu siku ilipowashwa, bomba langu halikutoa maji.

Mwanzoni sikushangaa. Nilidhani wanaifanyia majaribio. Nilikuwa na tangi la maji ya mvua chini ya mchirizi, nikaanza kuyatumia kwa kipimo: kikombe kimoja cha kunawia, sufuria moja ya kupikia, na sukuma wiki nikaiacha ikauke. Kiangazi kiliendelea. Asubuhi nilizoea kusikia bomba likikoroma kabla ya maji kufika, na sasa nilijikuta nimesimama jikoni nikisubiri sauti hiyo, na nikisikia tu mabati yakitanuka kwa joto.

Aliyenijia na habari ni shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, ambaye huuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Sindo. Hupanda kwangu mara moja moja, hunimiminia omena kwenye sahani bila kuniuliza kama nataka, kisha hunigombeza. Siku hiyo hakukaa hata kitini.

"Shemeji, wamekukatia maji."

"Nani amekata?"

"Wao."

"'Wao' si mtu."

"Haya, kamati. Inasemwa huko chini, kila mahali."

"Ulimwona mtu akiifunga koki yangu?"

"Mimi nachunga omena, sichungi koki. Lakini hayo maneno iko."

"Maneno hayakosekani siku ya soko. Nakuuliza uliona nini."

Akacheka. "Endelea tu hivyo. Utakufa na kiu, na ushahidi umejaa mfukoni."

Alipoondoka nilibaki na jambo lililonisumbua kuliko kiu. Uvumi wenyewe ulikuwa na pa kushikilia. Katika mkutano wa mwisho niliohudhuria, kumbukumbu zilisomwa zikidai kwamba yule mhudumu alikuwa akiuza maji ya jumuiya kisirisiri. Niliuliza ni nani aliyemwona. Hakuna aliyejibu. Nikasema siwezi kuidhinisha kumbukumbu zenye jambo lisilo na shahidi, na mwenyekiti akaniambia, mbele ya watu wote, kwamba hapo si darasani. Watu walicheka. Sikurudi tena mkutanoni, na sikuitwa.

Ikiwa basi walikuwa wamenikatia maji kwa makusudi, maana yake ilikuwa wazi: nilikuwa nimezunguka maisha yangu yote nikarudi nyumbani kwa watu ambao wangependa nisirudi. Maji ningeweza kuyapata kwa njia nyingine. Kwingine kwa kurudi sina. Kwa hiyo nilitaka kujua, na nilitaka kujua kwa macho yangu, kwa sababu jambo kama hilo haliwezi kuaminiwa kwa kuambiwa na halipaswi kukanushwa kwa kutumaini.

Asubuhi iliyofuata nilishuka hadi kwenye uzio wa tangi kabla ya saa ya mgao. Koki zote tisa zimepangwa kwenye ukuta mdogo wa saruji, na kila moja imepakwa namba yake kwa rangi nyeupe. Koki yangu ilikuwa nzima. Haikuwa na kufuli, nyaya zake hazikukatwa, wala hakuna aliyeugusa mpini wake wa dharura, kwa maana buibui alikuwa amejenga juu yake. Saa ilipofika, koki ya kwanza ikalia kidogo, kama mtu anayebofya ulimi, na maji yakapita. Kisha ya pili. Nilisimama pale hadi ya nane ikafunguka na kufungwa. Baada ya hapo kila kitu kikanyamaza. Ya tisa haikukataa kufunguka, haikuambiwa ifunguke.

Swali likabadilika. Nani aliiambia mashine nini?

Vifaa vile vilinunuliwa Migori, katika duka la pampu na mabomba la mzee mmoja Mwislamu aliyetoka pwani miaka mingi iliyopita. Namfahamu kwa sura, kwani shule yangu ilinunua mabomba kwake. Binti yake ndiye anayeandika programu. Hufundisha kazi hiyo katika chuo cha ufundi, na siku nyingine hukaa dukani na kompyuta yake kati ya makopo ya gundi ya mabomba. Nilimkuta huko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja na swali, na ningependa jibu lake hata kama ni baya. Je, uliagizwa na mtu yeyote uiache nje laini ya tisa?"

Hakukasirika. Alifikiri. "Sikuagizwa. Maagizo niliyapata kwa simu kutoka kwa mwenyekiti, na bado ninayo." Akanionyesha ujumbe wenyewe, wa mstari mmoja, bila salamu: maji yafunguliwe laini moja hadi tisa, kila asubuhi.

Niliusoma mara mbili. Mwenyekiti alikuwa amenitaja. Hakulitaja jina langu, lakini alikuwa amefika hadi kwangu.

"Basi tuitazame programu," akasema, akaifungua. Alipitisha kidole chini ya mistari, kisha kidole kikasimama. Baba yake, aliyekuwa akipanga viungio vya mabomba, aligeuka kututazama.

"Mwalimu," akasema, "soma mstari huu wewe mwenyewe."

Palikuwa na amri moja ya Kiingereza, na mbele yake mabano yaliyobeba namba mbili zilizotenganishwa kwa mkato: moja, kisha tisa. Alinieleza kwamba amri hiyo huunda masafa ya namba, na kwamba mashine huzipitia namba hizo moja moja na kufungua koki ya kila namba.

"Moja, tisa," nikasema. "Sioni kosa."

"Hilo ndilo kosa lenyewe. Katika lugha hii, masafa huanza na namba ya kwanza, nayo imo ndani. Lakini namba ya pili haimo. Mashine ikiifikia, huacha."

Nilielewa mara moja, na bado nikamwomba kalamu. Nilichora mstari wa namba kwenye kifuniko cha boksi la viungio, kama nilivyouchora ubaoni mara zisizo na idadi: kwenye moja nikaweka kitone kilichojazwa, kwenye tisa nikaweka kiduara kitupu. Kilichojazwa kimo, kitupu hakimo. Wanafunzi wangu walikuwa wakisahau kukiacha kiduara bila kukijaza, nami nilikuwa nikiwakata alama.

"Ndivyo," akasema.

"Hiyo ni tabia mbaya kwa lugha. Unamwita mtu hadi mlangoni, kisha unamfungia."

Alitabasamu. "Ile namba ya pili si mgeni, Mwalimu. Ni ukuta. Ukiambiwa umesafiri hadi mpaka wa Isebania, umeshaingia Tanzania?"

"La. Lakini nikimwambia mwanafunzi asome ukurasa wa kwanza hadi wa tisa, asipousoma wa tisa ataniona. Kwa Kiswahili, hadi huingia ndani."

"Si kila mara," akasema mzee kutoka nyuma ya rafu, bila kuinua kichwa. "Mimi hufunga hadi magharibi. Na magharibi ikifika, mimi hula."

Nilikuwa nimelitumia neno hilo maisha yangu yote nikidhani lina maana moja, kumbe maana yake huamuliwa na watu wanaokubaliana kimya kimya, bila kuulizana. Kijaluo nacho hakinisaidii. Sisi husema *nyaka*, na neno hilohilo lenye maana ya hadi ndilo lenye maana ya lazima. Anayesema *nyaka* tisa kwa lugha yetu, sikio langu husikia kwamba tisa ni lazima ifikiwe. Nina hakika mwenyekiti alifikiri kwa Kijaluo, akaandika kwa Kiswahili, na kauli yake ikaingia katika lugha ya tatu ambamo mwisho hauna haki yoyote.

"Wewe unaijua kanuni hii," nikamwambia binti yule.

"Naifundisha. Huwakaripia wanafunzi kwa kosa hilihili." Alikunja uso. "Siku ile nilikuwa na ujumbe wa mwenyekiti mkono mmoja. Nikaandika kama nilivyosoma. Mkono ulikuwa ukinakili Kiswahili."

Nilimwuliza kwa nini waliotunga lugha hiyo waliona vyema kuuacha mwisho nje, kwani sipendi kanuni isiyo na sababu. Alinieleza kwa subira. Ukitoa namba ya kwanza kwenye ya pili, unapata moja kwa moja idadi ya vilivyomo. Tena masafa mawili yanaweza kufuatana, ya kwanza yakiishia palepale yanapoanzia ya pili, bila namba yoyote kuhesabiwa mara mbili na bila yoyote kuanguka katikati. Niliikubali hoja hiyo. Ni hoja safi. Ila inadhani kwamba baada ya kila masafa kuna mengine yatakayoipokea namba iliyoachwa, na baada ya laini yangu hapakuwa na kitu.

Aliiendesha amri ile bila koki, ili iandike namba tu kwenye kioo. Zikajipanga kutoka moja hadi nane. Kisha akafuta tisa, akaandika kumi, na chini kabisa ya safu ikatokea tisa.

"Lakini laini ya kumi haipo," nikasema.

"Haipo. Haihitaji kuwapo. Ili wa mwisho ahesabiwe, unamtaja aliye baada yake."

Nikamwomba jaribio moja zaidi, kwa udadisi wa kikazi. Je, akiandika tisa, kisha tisa tena? Kwa Kiswahili, tisa hadi tisa ni kitu kimoja: tisa yenyewe. Aliandika. Kioo kikabaki cheupe.

"Imeharibika?"

"Hapana. Ni masafa matupu. Kwa mashine si kosa, kwa hiyo hailalamiki. Inapita tu."

Tukakitazama kioo kile kitupu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akakifunga. Akaniahidi kwamba angeituma programu iliyosahihishwa kwa mtandao, mara mwenyekiti atakapoiruhusu, na akaniomba msamaha kwa maneno machache na ya moja kwa moja. Nilimpa msamaha huo bila masharti. Baba yake alinisindikiza hadi mlangoni, tukaagana.

Mwenyekiti nilimkuta kwake, akitengeneza wavu chini ya dari ya baraza. Ni mtu mkubwa wa mwili, na huongea kama anayeongea kutoka kwenye mtumbwi mmoja kwenda mwingine. Nilimweleza yote kwa utaratibu. Alisikiliza bila kuacha sindano yake.

"Kwa hivyo haukujifungia mwenyewe, Jaduong'," akasema nilipomaliza, akiniita mzee kwa Kijaluo.

"Kujifungia?"

"Hiyo maji. Sisi tulijua umefunga bomba yako huko juu, juu ya hasira ya mkutano. Ati hutaki maji ya watu waongo."

"Mlijua?"

"Tulisikia."

"Kutoka kwa nani?"

Akafikiri kwa uaminifu. "Ilikuwa inasemwa."

Niliketi bila kukaribishwa. Kumbe huko sokoni uvumi ulikuwa wa namna mbili, ukipitana njiani kama watu wasiojuana: mmoja ukipanda kuniambia kwamba nimekatiwa, mwingine ukishuka kuwaambia kwamba nimejikatia.

"Na katika muda wote huo," nikauliza, "ni nani aliyepanda kuangalia?"

Sindano ikasimama. "Hakuna," akasema. Kisha akaninyooshea sindano yenyewe. "Na wewe, Mwalimu, ulishuka?"

"Nilishuka hadi kwenye koki."

"Nasema hapa. Kwangu."

"Hapa sikushuka."

"Haya basi." Akaendelea na wavu. Mkewe akaleta chai, tukainywa, na kikombe changu kilipokwisha aliongeza mara moja bila kuniuliza. Nilikaa hapo kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Programu mpya ilipokuwa imetumwa, niliona tatizo ambalo halikunijia kabla. Koki iko chini na bomba liko kileleni. Mtu akisimama kwenye koki atathibitisha kwamba imefunguka, lakini hatajua kama maji yamefika; akisimama kwenye bomba atayaona maji, lakini yakikosekana hatajua kosa ni la amri au la bomba lililoziba kwa kukaa kavu. Mtu mmoja hawezi kuushuhudia mwanzo na mwisho kwa wakati mmoja. Nililigeuza jambo hili kichwani, nikitafuta njia ya kulifanya peke yangu, na haikuwapo. Nikampigia simu shemeji.

Alisema ana omena juani. Kisha akasema atakuja.

Kwa hiyo asubuhi ya mgao alipanda yeye, nami nikashuka, na mwenyekiti akaja kwenye uzio akiwa amevaa viatu vizuri, kwa kuwa alikuwa akielekea kanisani kwenye mazishi. Tulizisikiliza koki zikibofya kwa zamu. Ya nane ikafungwa. Nafasi iliyofuata ilikuwa ndefu kiasi cha mwenyekiti kukohoa. Kisha ya tisa ikalia, na bomba chini ya miguu yetu likatetemeka.

Nikaweka simu sikioni.

"Bado," akasema shemeji. "Bado. Sasa inakohoa."

"Inatoa nini?"

"Hewa. Na mende. Sasa ni matope, shemeji, usinywe hii. Ngoja kwanza." Nikasikia ndoo ikiburutwa. "Sasa ni maji. Inanirukia kwa nguo."

"Una uhakika?"

"Nimekwambia nimelowa."

Nikamgeukia mwenyekiti. "Maji yamefika."

"Umeyaona?" akauliza.

"Nimeambiwa."

Alicheka hadi akashika uzio, na mimi, ambaye sikuona cha kuchekesha, nikajikuta nacheka pia. Kisha akatazama saa, akakung'uta vumbi kwenye suruali yake nzuri, akasema atapanda siku moja aione nyumba yangu.

"Siku gani?" nikauliza.

"Siku moja, Jaduong'." Akaondoka.

Nilipanda polepole, nikipumzika kwenye mawe. Najua sasa kwamba hakuna aliyenikatia maji. Nililisoma jambo hilo kwa macho yangu kwenye mstari wa programu, na ninaweza kumwonyesha yeyote. Lile jingine, la kwamba bomba langu lilikauka kiangazi kizima na kilima chote kikaona ni jambo la kawaida, halijaandikwa mahali popote pa kufunguliwa na kusomwa.

Nilipofika, shemeji alikuwa ameshashuka kwa njia nyingine kwenda kugeuza omena yake. Uwanja ulikuwa umelowa. Alikuwa amejaza tangi, ndoo, sufuria zote, birika, na hata beseni la kufulia. Kisha, kwa kuwa maji bado yalikuwa yakija, akalifungua kabati na kuvitoa vikombe vya kaure ambavyo mke wangu alivinunua kwa ajili ya nyumba hii, akavijaza vyote na kuvipanga juu ya meza. Vilikuwa sita. Nilivuta kiti, nikanywa kimoja. Vile vitano nikavifunika kwa visahani vyake, vumbi lisiingie.